Hesabuni chemba zilizofunguliwa, si vyoo vilivyozinduliwa

Mhariri,

Kila inapokaribia Novemba 19, Siku ya Choo Duniani iliyotambuliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2013, vyumba vya habari hupokea taarifa zinazofanana: mradi umejenga vyoo kadhaa vya kiikolojia, yaani vyoo vikavu visivyovutwa kwa maji, mgeni rasmi amekata utepe, picha imepigwa mbele ya mlango wenye rangi mpya. Hatuna ugomvi na taarifa hizo. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani na UNICEF, mwaka 2022 watu bilioni 3.5 hawakuwa na huduma ya choo iliyo salama tangu mtu anapojisaidia hadi kinyesi kinapofika mwisho wake, na milioni 419 kati yao walikuwa wakijisaidia mahali pa wazi. Kwa hali hiyo kila choo kinachojengwa ni nafuu kwa mtu fulani, na tunawashukuru wanaokijenga. Ombi letu ni kwamba hesabu isifungwe siku ya utepe. Ubora wa choo kikavu hujulikana siku chemba yake ya kwanza inapofunguliwa ili itolewe, na siku hiyo huangukia mwaka mmoja hadi miwili baada ya uzinduzi, wakati ambapo fedha za mradi zimekwisha na mafundi wameshaondoka.

Kwa msomaji ambaye hajakiona choo chenyewe, ni hivi. Badala ya kuchimba shimo, hujengwa chemba mbili za tofali juu ya ardhi, zimepakana, na juu yake jamvi la zege. Kwenye jamvi kila chemba ina tundu lake, na mbele ya kila tundu kuna bakuli dogo la kupokea mkojo na kuupeleka kwa bomba hadi kwenye dumu lililo nje. Haja kubwa huanguka kwenye chemba, na mtumiaji humwagia majivu. Chemba ya kwanza ikijaa hufungwa, watu wakahamia ya pili. Ya pili ikijaa, ile ya kwanza huwa imekauka, hufunguliwa kwa mlango wa nyuma na kutolewa. Choo cha chemba mbili cha namna hii kilienezwa vijijini Vietnam tangu miaka ya 1950, kwa hiyo hatuzungumzii jambo la majaribio.

Sababu ya kutenganisha ni kwamba mkojo na kinyesi ni vitu viwili vyenye tabia tofauti kabisa. Mtu mzima hutoa mkojo wa takriban lita 500 kwa mwaka, na ndani yake ndimo zilimo sehemu kubwa ya naitrojeni, zaidi ya nusu ya fosforasi na zaidi ya nusu ya potasiamu zinazotoka mwilini. Wadudu wa magonjwa katika mkojo ni wachache. Kinyesi ni kidogo kwa ujazo, lakini ndicho kinachobeba kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na mayai ya minyoo. Ukivichanganya, umechukua lita 500 za mbolea ukazigeuza kuwa uchafu wa hatari, na umelowesha kitu ambacho kingekauka chenyewe. Harufu kali ya choo cha shimo, kwa sehemu kubwa, inatokana na mchanganyiko huo.

Tuseme pia mahali ambapo choo hiki hakina ulazima. Penye udongo mzito, maji ya ardhini yaliyo mbali chini, na nafasi ya kuhamisha choo, shimo la kawaida lenye jamvi safi na mfuniko linatosha. Muhimu ni kitako cha shimo kibaki angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini, na kisima kiwe umbali wa mita 30 au zaidi. Choo kikavu kina faida penye mwamba usiochimbika, penye mafuriko, na pale ambapo maji yanaonekana baada ya kuchimba mita moja au mbili. Hapo shimo ni sawa na kumimina kinyesi kisimani. Bahati mbaya, miradi mingine hujenga choo kikavu kwa sababu mfadhili anakipenda, kisha hukilaumu kwa kushindwa kazi ambayo shimo la kawaida lingeifanya.

Tukienda kwenye ujenzi, kosa la kwanza liko kwenye michoro yenyewe. Familia ya watu sita huzalisha takriban lita 500 za kinyesi pamoja na majivu kwa miezi sita. Chemba yenye urefu wa mita moja, upana wa sentimita 80 na kimo cha sentimita 80 ina lita 640. Ukiacha nafasi ya juu kwa hewa na kwa rundo ambalo halijisambazi lenyewe, hiyo ndiyo chemba ya miezi sita, na ndiyo inayochorwa mara nyingi. Sasa tazama mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 kuhusu matumizi ya kinyesi na maji taka. Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 35, kinyesi kilichohifadhiwa tu kinahitaji zaidi ya mwaka mmoja. Kwenye ubaridi wa chini ya nyuzi 20 ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Muda wa miezi sita unakubalika pale tu ambapo majivu au chokaa vimepandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, juu ya 9, joto limezidi nyuzi 35, na unyevu uko chini ya asilimia 25. Ni familia chache zinazotimiza masharti yote matatu kwa pamoja, na hakuna nyumba yenye kipimo cha kuhakikisha hivyo. Kwa hiyo chemba ya miezi sita inamlazimisha mwenye nyumba kutoa kitu ambacho bado kina mayai ya minyoo yaliyo hai. Minyoo ya mviringo, ile mirefu ya tumboni, ina mayai yenye ganda gumu kuliko vimelea vingine vyote vya kinyesi, na ndiyo inayotumika kama kipimo: mayai yake yakifa, mengine yote yamekwisha kufa.

Njia za kutoka ni mbili. Ya kwanza ni kujenga chemba ya mwaka mzima, yaani kama lita 1,300 kwa watu sita: mita 1.2 kwa mita 1.1 kwa kimo cha mita moja. Gharama yake ni ngazi. Jamvi lililo mita moja na zaidi juu ya ardhi linahitaji vidato sita, na mzee mwenye magoti mabovu au mama mjamzito usiku wa mvua ataviogopa. Ya pili ni kubaki na chemba ndogo, lakini kinachotolewa baada ya miezi sita kihesabiwe kuwa bado kibichi: kipelekwe kwenye kibanda kilichoezekwa, juu ya sakafu, kifunikwe, kikae miezi mingine sita au zaidi kabla hakijagusa shamba. Sisi tunapendelea njia ya kwanza panapokuwa na mteremko, kwa sababu choo kikiegemezwa kwenye kilima, mtu huingia kwa juu bila ngazi na mlango wa kutolea unabaki chini. Kwenye tambarare, njia ya pili ina huruma zaidi kwa wazee.

Kitako cha chemba kiwe zege, kikiwa kimeinuka sentimita kumi au zaidi kutoka usawa wa ardhi, juu kuliko mahali maji ya mvua yanapofikia. Kuta zipigwe plasta ndani. Jamvi la unene wa sentimita nane, zege la saruji moja, mchanga miwili, kokoto tatu, nondo za milimita nane au kumi zikipishana kila sentimita 15, na limwagiliwe wiki nzima kabla ya mtu kulikanyaga. Bomba la hewa la milimita 110 lipande hadi nusu mita juu ya kilele cha paa, na mdomoni liwekwe wavu wa kuzuia nzi. Kuna mjadala mrefu kuhusu milango ya nyuma ya bati iliyopakwa rangi nyeusi na kuelekezwa jua. Inasaidia kidogo. Lakini mlango mweusi unaopitisha mvua pembeni una hasara kubwa kuliko mlango wa zege usio na joto lolote uliozibwa vizuri kwa udongo na chokaa.

Maji ndiyo adui wa choo hiki, na huingia kwa njia ambazo fundi hakuzifikiria. Kinyesi kinapotoka mwilini, takriban robo tatu yake ni maji. Kazi yote ya chemba ni kuyatoa maji hayo hadi yabaki chini ya robo. Mtu mmoja akideki choo kwa ndoo ya maji, maji yakapita kwenye tundu, amerudisha kazi ya wiki kadhaa nyuma. Ndani ya siku chache rundo linaanza kung’aa juu, linatoa harufu ya yai bovu, na funza weupe wanaonekana ukimulika tochi. Choo kikavu husafishwa kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa. Bakuli la mkojo hufutwa kwa kitambaa hicho hicho, kisha likamwagiwa kikombe kidogo cha maji.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wachoraji wengi wamelipuuza, ingawa mamilioni ya watu huchamba kwa maji. Choo chenye tundu la haja na bakuli la mkojo pekee hakina mahali pa maji ya kuchambia. Mtu atachamba palepale alipochutama, na maji yataingia ama kwenye chemba ama kwenye mkojo. Kumwambia atumie karatasi ni kumwambia aache twahara yake, na hatafanya hivyo. Dawa ni kujenga sehemu ya tatu: sahani ya zege yenye mteremko na tundu lake, sentimita 30 hivi nyuma au pembeni ya tundu la haja, ili mtu asogee hatua moja tu akiwa bado amechutama. Bomba lake liende peke yake kwenye shimo la kunyonya lililojazwa kokoto, au kwenye tuta la migomba au maua lililozungukwa na kokoto. Maji haya yasiunganishwe na bomba la mkojo hata kidogo, maana yana chembe za kinyesi, na yakifika kwenye dumu yameuharibu mkojo wote. Wanaotumia karatasi nao wajue kuwa karatasi haiozi ndani ya chemba kavu. Itabaki karatasi hadi siku ya kutoa, kwa hiyo heri iwekwe kwenye kapu lenye mfuniko na ichomwe. Taulo za kike ziwe na chombo chao.

Suala la majivu linaonekana dogo hadi uliweke kwenye hesabu. Kila baada ya haja kubwa huhitajika kikombe kilichojaa, kama mililita 300. Watu sita, mara moja kwa siku, ni karibu lita mbili kila siku, yaani kama lita 54 kwa mwezi. Nyumba inayopikia kuni huyapata. Nyumba inayopikia gesi au umeme haina majivu kabisa, na hata inayopikia mkaa hupata kidogo. Miradi inayohimiza majiko sanifu kwa mkono mmoja na vyoo vya majivu kwa mkono mwingine, kwa kaya ileile, imeipa familia mgongano ambao haijaueleza. Kwa hiyo tangu mwanzo lazima ijulikane kitakachotumika badala yake. Udongo mkavu uliochekechwa ukichanganywa na chokaa, sehemu tano kwa moja, unafaa sana. Vumbi la mbao hunyonya unyevu vizuri na kuzuia harufu, lakini halipandishi pH, hivyo liongezewe chokaa au majivu, la sivyo muda wa kuhifadhi urefushwe. Udongo ukusanywe na kuanikwa kiangazi, ukahifadhiwe kwenye pipa lenye mfuniko ndani au kando ya choo. Pipa likikaa jikoni, kila mtu atasema ataleta majivu baadaye, na baadaye haifiki. Chokaa ishikwe kwa uangalifu: huunguza macho na ngozi yenye jasho, na pipa lake liwe juu ya kimo cha mtoto. Mtu akiugua kuhara, kipimo kiwe maradufu, maana kinyesi chake ni maji matupu.

Bomba la mkojo nalo lina kesi yake. Ukilikata bomba lililoziba ukalitazama kwa karibu, utakuta vitu viwili. Chini kumelala tope laini la rangi ya chokaa iliyolowa, linaloteleza kidoleni. Kwenye kona kuna gamba gumu la manjano lililoshikamana na plastiki, mara nyingi likiwa limenasa nywele katikati. Havikutoka kwenye uchafu wa mtumiaji. Mkojo ukikaa bombani, bakteria huivunja urea kuwa amonia, pH hupanda kufikia kama 9, na hapo fosforasi hujishikiza na magnesiamu na kalsiamu iliyomo kwenye mkojo, ikatuama. Kwa hiyo kila mahali mkojo unaposimama, gamba litaota. Bomba la milimita 25 lililolazwa bila mteremko litaziba baada ya miezi. Tumia bomba la plastiki la milimita 50 au zaidi, mteremko wa sentimita mbili au zaidi kwa kila mita, na mahali pa kukata kona weka vipande viwili vya nyuzi 45 badala ya kona moja ya nyuzi 90. Chuma kisitumike popote, kitaliwa. Weka kiungo kimoja kisichogundishwa, ili bomba liweze kufunguliwa kwa mkono na kuzibuliwa kwa waya. Tope laini huondoka kwa waya na maji ya moto kiasi. Gamba gumu linahitaji siki kali iliyoachwa usiku kucha, au magadi makali ya kuzibulia mabomba (kostiki soda), sehemu moja kwa mbili za maji, kwa glavu na kinga ya macho. Viwili hivyo visichanganywe, wala kimojawapo kisikutanishwe na dawa ya kung’arishia nguo. Na kinachotoka kisiingie dumuni.

Bomba likifika kwenye dumu, lishuke hadi karibu na kitako, ili mdomo wake ufunikwe na mkojo wa kwanza. Hiyo peke yake huzuia sehemu kubwa ya harufu na ya amonia ambayo ingepaa, na amonia ikipaa ndiyo naitrojeni imekwenda. Mfuniko utobolewe tundu dogo kama la msumari ili hewa ipumue. Kwa familia ya sita yenye watoto, dumu la lita 20 hujaa kwa siku tatu au nne. Hapa tena hesabu inafichua jambo. Mwongozo ule wa 2006 unataka mkojo unaokusanywa kutoka kwa watu wengi uhifadhiwe angalau mwezi mmoja kwa mazao yatakayopikwa au kusindikwa, na miezi sita kwenye nyuzi 20 au zaidi kwa mazao yote. Mwezi mmoja wa familia hii ni madumu tisa au kumi. Miezi sita ni lita elfu moja. Mafunzo mengi hukariri miezi sita bila kueleza kwamba kaya inayotumia mkojo wake yenyewe, kwenye mazao ya kula yenyewe, imeruhusiwa na mwongozo uleule kuutumia bila kuuhifadhi, mradi upite mwezi mmoja kati ya kumwagilia na kuvuna. Familia iliyoambiwa miezi sita, ikiwa na madumu mawili, itamwaga mkojo mtaroni. Tumeona kosa hili likiua nusu ya faida ya choo.

Shambani, kipimo rahisi ni lita moja hadi moja na nusu kwa mita ya mraba kwa msimu, hivyo mkojo wa mtu mmoja wa mwaka mzima unatosha mita za mraba 300 na zaidi. Chimba kijifereji sentimita kumi kutoka shina, mimina, fukia, kisha mwagilia maji. Waweza kuuchanganya na maji mara tatu hadi kumi, lakini kuchanganya hakuongezi rutuba. Kunapunguza tu hatari ya kuunguza mmea na kunaongeza uzito wa kubeba. Usimwagie majani. Kwenye nchi kavu yenye mvua haba, chumvi iliyomo kwenye mkojo hurundikana, kwa hiyo usirudie tuta lilelile kila mara. Ukiona ncha za majani zinakauka kahawia, pumzisha sehemu hiyo na uimwagilie maji mengi.

Tuje kwenye siku ya kufungua mlango wa nyuma. Chemba iliyotunzwa vizuri ukiifungua huzuii pumzi kwa kuogopa. Unaona rundo la kijivu lenye nyufa, ukilichoma kwa ncha ya koleo linabomoka kama udongo wa kichuguu, na kinachonuka ni vumbi. Ukiona mabonge yanayonata kwenye koleo, hata moja, hiyo haijawa tayari: mwaga ndoo mbili za udongo mkavu, tafuta maji yanakoingilia, funga, subiri. Tarehe ya kufungwa iandikwe kwa rangi juu ya mlango wa nyuma siku ileile ya kuhamia chemba ya pili, maana kumbukumbu za watu hutofautiana, na wa kwanza kubishaniwa ni mwezi. Tundu la juu la chemba iliyopumzishwa lizibwe kwa mchanganyiko hafifu wa mchanga na chokaa, unaovunjika kwa nyundo. Likifunikwa kwa kipande cha ubao tu, mtoto au mgeni atalitumia, na haja moja mbichi juu ya rundo lililopumzika miezi kumi inarudisha hesabu ya muda mwanzo.

Anayetoa avae buti, glavu na barakoa, afanye kazi upepo ukiwa mgongoni, atumie koleo lisilotumika kwa kazi nyingine, na aoge kwa sabuni akimaliza. Kitu chenyewe kifukiwe chini ya udongo wa sentimita 25, miti ya matunda ikiwa ndiyo mahali pazuri kuliko pote. Kisiwekwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi wala mazao ya mizizi. Na hapa tuna msimamo usiopendwa na wenzetu wengine: familia isiyotaka kukitumia shambani isilazimishwe. Ichimbe shimo, ifukie, mambo yaishe. Choo kimeshafanya kazi yake ya kulinda kisima na watoto, na mahubiri ya mbolea kwa mtu ambaye moyo wake unakataa humfanya akichukie choo chenyewe.

Somo kubwa la kutoa liko Durban, Afrika Kusini. Baada ya mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2000 katika KwaZulu-Natal, manispaa ya eThekwini ilijenga zaidi ya vyoo 75,000 vya namna hii kwenye kaya za pembezoni. Kwa wingi hakuna mji uliofanya kazi kama hiyo. Kazi ya kutoa ikaachiwa kaya. Watafiti waliporudi kuwauliza watumiaji, waliwakuta wengi hawaridhiki: walilalamikia harufu, vifaa vilivyoharibika, na hisia kwamba wamepewa choo cha daraja la pili. Baadaye manispaa ililazimika kuandaa huduma ya kutoa kwa gharama yake. Huko Erdos, kaskazini mwa China, vyoo vikavu viliwekwa kwenye majengo ya ghorofa kwa kaya zaidi ya 800. Mwaka 2009 viliondolewa, vikawekwa vya kuvuta maji, harufu ikiwa sababu mojawapo kuu, kwani hewa ya mabomba marefu ya ghorofani ilirudi ndani ya nyumba. Miradi yote miwili iliendeshwa na wataalamu wenye fedha na nia njema. Anayejenga vyoo mia vijijini na kuondoka baada ya miezi mitatu atafakari hilo kabla ya kutangaza idadi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo yafuatayo kwa wenye miradi, halmashauri na wafadhili. Mkataba wa ujenzi usihesabiwe umekamilika hadi chemba ya kwanza itolewe. Fedha ya ufuatiliaji itengwe tangu siku ya kwanza na isiguswe na ujenzi, na mkaguzi arudi mwezi wa kwanza, wa tatu, wa kumi na mbili, na siku ya kutoa. Mwezi wa kwanza ndio muhimu kuliko yote, kwa sababu tabia ya kumwaga maji au kusahau majivu hukomaa ndani ya wiki chache. Kila kata ifundishe watu wawili au watatu kazi ya kutoa kwa malipo, wenye vifaa na chanjo ya pepopunda, ili mjane au mgonjwa asibaki na chemba iliyojaa. Choo cha shule kisijengwe kabla haijajulikana nani ataleta ndoo za udongo mkavu kila asubuhi, na wavulana wajengewe sehemu yao ya kukojolea kwa kusimama, kwa kuwa bakuli la kuchutamia likitumiwa na aliyesimama, mkojo huingia chemba.

Na kwenu wahariri: mwandishi anayetumwa kwenye uzinduzi aulize maswali manne. Maji ya kuchambia yanakwenda wapi? Majivu au udongo unatoka wapi, lita ngapi kwa wiki? Chemba hii ni ya miezi mingapi? Nani ataifungua? Kisha aandike tarehe kwenye daftari na arudi baada ya miezi 18, na safari hii aanzie nyuma ya choo. Kama juu ya mlango wa chemba kuna tarehe iliyoandikwa kwa rangi, aipige picha hiyo.

Mafundi na wakaguzi wa vyoo vikavu